Kitambaa Chekundu Kwenye Kiti cha Rubani

Miaka mitatu ya kwanza ya ndoa yangu nilimjua baba mkwe kwa kikohozi chake, kwa harufu ya grisi, na kwa namna alivyopiga chafya mara moja tu, kubwa, kama mtu anayebamiza mlango. Uso wake sikuujua. Na yeye wangu hakuujua. Siku ya arusi nilifunikwa shela nikatazama chini, na baada ya hapo kila mmoja wetu alishika njia yake.

Kwetu Rungwe, kwa desturi ya wazee, mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe. Akimwona anakuja huchepuka njiani, akaingia kwenye migomba mpaka apite. Hali naye chakula, hamtaji jina, na neno lake kwake lazima lipitie mdomo wa mtu mwingine. Huitwa kutila, maana yake kuogopa, ingawa ukiwauliza wenyewe watakwambia ni heshima. Siku hizi nyumba nyingi zimeilegeza. Mimi nilizaliwa mjini Tukuyu, mtaa wa Ibighi, mbele ya duka la vipuri vya pikipiki, na mambo hayo niliyasikia kwa bibi tu, tukicheka. Lakini nyumba niliyoolewa, kule Suma, haikulegeza hata fundo moja. Mama mkwe aliniambia siku ya pili ya arusi, kwa upole, kwa Kiswahili chake kisichojua z wala v: "Mwanangu, hapa kwetu msee haonwi na mkamwana. Usijisikie fibaya."

Nilijisikia vibaya. Mimi ni mtu wa kutazama. Ndiyo kazi inayonilisha. Ni fundi wa ndege, kwenye karakana ya ndege ndogo Dar es Salaam, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba hakuna anayekagua kazi ya mkono wake mwenyewe. Ukifunga kitu ambacho kikifunguka angani watu watakufa, sharti aje mwenzako akitazame upya, kana kwamba hakuamini. Tunaliita jicho la pili. Na kitu ambacho hakijawa tayari hufungwa utepe mwekundu. Hakuna cheo kinachozidi utepe ule. Rubani awe na mvi mpaka kwenye kope, akiukuta umening'inia, anashuka.

Baba mkwe alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alianza kuunda ndege.

Mume wangu alikuwa ameniambia, lakini aliniambia kwa kicheko, kama mtu anavyosema mzee wake anafuga sungura. Nilidhani ni kitu cha kuchezea tu. Nikaja kuiona nilipokwenda Suma kujifungua mtoto wetu wa kwanza, maana huku kwetu uzazi wa kwanza haukai mjini peke yake. Jumapili moja, mzee akiwa kanisani, mama mkwe alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda la zamani la kukaushia mahindi, akasukuma mlango.

Nilisimama mdomo wazi. Ilikuwa jairokopta. Asiyezijua ataiita helikopta, lakini helikopta siyo. Panga za juu hazisukumwi na injini. Injini ndogo iko nyuma ya kiti, inazungusha pangaboi linalosukuma mashine mbele kama feni, na ule upepo wa mwendo ndio unaozungusha panga za juu, nazo zikishazunguka zinabeba mashine. Injini ikizimika angani, panga zinaendelea kuzunguka, na rubani anashuka taratibu. Mhispania mmoja ndiye aliyezibuni, yapata miaka mia iliyopita, kwa sababu alitaka ndege isiyoanguka ikipunguza mwendo. Mwanzoni zilimshinda. Kila akijaribu kuruka, mashine ilipinduka upande mmoja, kwa kuwa panga linalokwenda mbele linanyanyua kuliko lile linalorudi nyuma. Alichokuja kufanya ni kuondoa ugumu. Aliweka bawaba kwenye shina la kila panga, likaruhusiwa kupanda na kushuka lenyewe, na mashine ikatulia. Tulipofundishwa habari hiyo chuoni niliipenda kuliko zote, na sasa ilikuwa mbele yangu, Suma, kati ya magunia ya mahindi na kuku wanaotaga.

Alikuwa ameiunda kwa kutazama picha za simu na kwa miaka ya kuchomelea mitambo ya chai. Fremu ya mabomba ya chuma, magurudumu ya toroli, injini ya gari dogo lililopata ajali kwenye kona za Mlima Nyoka. Panga za juu alizitengeneza kwa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, zikalainishwa mpaka zikateleza mkononi. Nilizipitisha vidole mwanzo hadi mwisho na sikukuta kosa. Niliona fahari, nasema kweli, fahari ya kuolewa katika nyumba ile.

Kisha nikapanda juu ya gunia, tumbo likinitangulia, nikatazama kichwa cha panga.

Mashine kama ile huning'inia kwenye boliti moja. Panga mbili zimeunganishwa zikawa kitu kimoja kinachoyumba katikati kama mizani, na katikati ya mizani hiyo ipo boliti, na chini ya boliti yupo mtu. Ile aliyoweka mzee ilikuwa boliti ya lori. Haikujaa tunduni, na meno yake yalikaa pale pale ambapo chuma kingesugua chuma. Ingeshika leo, ingeshika kesho, kisha siku moja ingekatika. Nikashuka. 

"Anataka kuirusha lini?" nilimuuliza mama mkwe.

"Baada ya Pasaka. Watu wameshaambiwa. Watakuja na mchungaji, aombe." Akaipapasa fremu kwa kiganja kama anavyopapasa ndama. "Itapelekwa kwa pikapu mpaka Masukulu, kule bondeni kuna kiwanja kilichonyooka."

Nilimpigia simu mume wangu, ambaye ni mwalimu wa historia na mtu mpole kupita kiasi. Akampigia baba yake. Mzee alimuuliza, "Wewe umefunga boliti ngapi tangu usaliwe?" Simu ikakatwa. Ningeweza kwenda kwa mamlaka, maana mashine iliyoundwa kibandani hairuhusiwi kuruka hivi hivi, nao wangekuja kuichukua. Lakini ningebaki vipi katika nyumba ile? Basi nikafuata njia ya desturi. Nilimtuma mama mkwe. Nilimwambia polepole, nikamrudia mara mbili ili asisahau: boliti ya kichwa ni mbovu, itakatika, na baba atakufa.

Akaenda. Nilimwona kwa mbali akisimama mlangoni pa banda, mikono kifuani, akisema maneno mafupi. Kesho yake asubuhi nililetewa mkungu mzima wa ndizi, zile nono, na maziwa.

"Baba anasema ndaga fijo, asante sana," mama mkwe alisema, akitabasamu. "Amefurahi sana kwa salamu sako."

"Salamu gani, mama? Ulimwambia nini?"

Akatazama pembeni. "Nilimwambia mkamwana anakupa pole na kasi, na anasema boliti uitasame tasame."

Nilikaa chini nikashika kichwa. Sikumkasirikia sana, hata leo simkasirikii. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mke wa mwana akimwambia baba mkwe kwamba kazi yake ni mbovu. Maneno hayo hayakuwa na mahali pa kukaa mdomoni mwake, ndiyo maana alipoyabeba yaligeuka njiani yakawa salamu. Lakini salamu haizuii boliti kukatika.

Siku ile nilichana kilemba changu chekundu. Kila mchana mzee akishakula hulala kidogo, na banda hubaki wazi. Niliingia, nikapanda juu ya gunia, nikafunga kipande cha kitambaa kwenye ile boliti, fundo maridadi, mkia ukining'inia. Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kumenya ndizi kama mtu asiye na habari.

Jioni kikohozi hakikusikika. Wala spana. Baadaye nikasikia ngazi ikiburutwa, kisha kimya kirefu sana. Nilijua yuko juu, amekishika kitambaa, anafikiri. Sikuogopa kupigiwa kelele, maana kelele zenyewe zingehitaji mjumbe. Niliogopa kwamba angekifungua tu na kukitupa.

Kesho yake mchana niliikuta boliti imetolewa, imelazwa kwenye meza ya kazi juu ya gazeti safi. Kitambaa changu alikuwa amekitundika kwenye msumari wa mlango, mahali ambapo mtu mfupi kama mimi angekifikia.

Nilimpigia mwenzangu wa karakana, akanitumia kwa basi la Mbeya boliti iliyo sahihi, na nikailaza juu ya gazeti lile lile. Alipoifunga nilikwenda kuitazama. Imejaa, imekaza, pini imepita na kukunjwa. Safi.

Ndivyo tulivyoanza kuzungumza, mimi na baba mkwe. Mchana nafunga kitambaa, jioni anakuna kichwa, siku mbili tatu baadaye kitambaa kiko kwenye msumari na kazi imerekebishwa. Hakuuliza kwa nini hata mara moja. Injini ilikaa juu mno, na jairokopta ya namna hiyo rubani akikosea kidogo hupiga mweleka mbele. Nilifunga kitambaa kimoja kwenye injini na kingine chini, kwenye bomba ambapo ingefaa kukaa. Mvua ya huku hainyeshi na kuondoka, inahamia, na katika mvua ile nilimsikia wiki nzima akikata, akichomelea, akikohoa. Alipomaliza, injini ilikuwa imeshuka mpaka mahali penyewe. Nililia kidogo pale bandani, nikiwa peke yangu. Nilikuwa nimefanya kazi na mafundi wengi, wengine wana vyeti vya kujaza ukuta, na sikuwahi kusikilizwa vile.

Nilijifungua salama, mtoto wa kiume. Mama mkwe ndiye aliyempeleka kwa babu yake, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Alirudi akicheka. "Babu huyu! Amemleta mpaka puani, anamnusa kama paka. Amemgeusa huku, amemgeusa huku, hataki kumwachia." Tukacheka wote wawili.

Nilipopata nguvu nikarudi kwenye banda na vitambaa vyangu. Pasaka ilikuwa imekaribia. Na hapo ndipo nilianza kuona makosa ya namna nyingine.

Ya mwanzo yalikuwa makosa ya kutojua. Mtu akionyeshwa, harudii. Haya yalikuwa ya mtu anayejua. Nati iliyokuwa mbele ya kiti imefungwa vizuri, na nati yake pacha, shubiri tatu pembeni, imesahauliwa haina pini. Rangi imepakwa safi katikati ya bomba, ikaachwa ncha zote mbili. Nikafunga kitambaa kwenye ile nati. Akairekebisha, akaacha nyingine ya upande wa pili. Nilianza kukasirika. Nilidhani mzee amechoka, au ana haraka ya kuruka, au amenizoea mno ananiachia mimi kazi ya kutafuta. Hayo nilimfikiria.

Pasaka ikapita. Siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya ile siku ya kuruka, niliingia nikakagua kila kitu toka magurudumu. Nikaona jambo nililokuwa nikilipita kila siku. Kila nati ilikuwa na alama ya grisi kuizunguka, alama za vidole, nyingi, moja juu ya nyingine, kama vile mtu amezipapasa kabla ya kuweka spana. Ncha za panga za juu, zile zilizokaa usawa wa kichwa cha mtu mzima, zilikuwa zimefungwa matambara manene. Kona ya meza imefungwa tairi la baiskeli. Kona ya mlango pia.

Nikatoka nje. Toka pembe ya nyumba mpaka mlango wa banda palikuwa na kamba ya katani, imefungwa mgomba kwa mgomba, usawa wa kiuno. Nilikuwa nimeinama chini yake kila siku.

"Mama," nilimuuliza mama mkwe, "kamba hii ni ya nini?"

"Baba anasema ya maharage ya kutambaa."

"Maharage yako wapi?"

Akaitazama kamba. Akaitazama tena, toka mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa imeng'aa kwa kushikwa. Maharage hayakuwapo na hayajawahi kuwapo. Mama wa watu akakaa kwenye kinu, akajifunika mdomo kwa khanga, na sikuwa na haja ya kumwambia chochote.

Hakuna aliyekuwa amejua kwamba haoni vizuri. Mkewe aliyekula naye kila siku hakujua, wanawe hawakujua, mchungaji hakujua. Uso wake waliuona wote, na usoni hapakuwa na kitu. Mzee alijua wapi kila kiti kimekaa, alijua watu kwa sauti, na alikuwa mtu wa maneno machache tangu zamani. Mimi peke yangu nilijua, mimi niliyekatazwa kumwona, kwa sababu nilikuwa nimeachiwa kazi ya mikono yake tu, na mikono haikuweza kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo hicho kilikuwa kimepangiwa Jumamosi, saa za asubuhi, pale Masukulu, mbele ya watu.

Kipande cha mwisho cha kilemba kilikuwa kirefu kuliko vyote. Niliingia bandani. Mashine ilikuwa tayari, nasema kwa dhamiri ya kazi yangu, isipokuwa zile nati mbili tatu. Kichwa safi, injini safi, panga safi. Nikazunguka mara moja, kisha nikafunga kitambaa kwenye kiti cha rubani, mahali ambapo mkanda ungempita kifuani.

Niliona uchungu ambao sijui kuueleza vizuri. Kwenye karakana, ukifunga utepe unamwambia mtu: rekebisha hapa, kisha utaruka. Hiki hakikuwa na kisha.

Jioni ile ngazi haikuburutwa. Mzee hakula. Ijumaa asubuhi nilichungulia: kitambaa kilikuwa pale pale, hakijaguswa, hivyo nilidhani. Nilikuwa kwenye jiko la nje nikimnyonyesha mtoto, nimeegemea ukuta wa mianzi, mara nikasikia kigoda kinawekwa upande wa pili. Kikohozi. Harufu ya grisi. Alikuwa ameketi kuupa ukuta mgongo, kama mimi. Mianzi tu ilikuwa kati yetu.

Nilitaka kunyanyuka nikimbie. Mama mkwe, aliyekuwa akipepeta mchele pale mlangoni, akaninyooshea kiganja: kaa.

"Aambiwe aliyefunga kitambaa," mzee alisema, akisema na hewa, "kwamba nimekiona."

Kuku walikuwa wanaparura majani. Kisha sauti ikarudi, chini zaidi.

"Hapana. Sikukiona. Nimekigusa."

Nilimhamishia mtoto ziwa la pili.

"Inatoka pembeni," alisema. "Kama ukungu unafyofunga bonde. Katikati bado pako wasi, padogo. Nilitaka niione Suma kutoka juu kabla hapajafunga. Mashamba, mto, hii nyumba. Mara moja tu. Sikutaka lingine."

Basi hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimekifunga kitambaa. Nilidhani nimezuia kifo cha mzee mkaidi. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango wa mwisho aliokuwa amejijengea mwenyewe, mbao kwa mbao. Na bado nisingekifungua. Pale kwenye kiti angekaa mtu asiyeona kushoto wala kulia, na milima iko kushoto na kulia.

Nikamwinamia mtoto, nikasema naye kwa sauti ya kusikika nje. Ndivyo wake wa nyumba ile walivyofanya tangu zamani wakibanwa. "Mwanangu, mwambie babu mashine yake ni nzuri kuliko nyingi nilizozishika. Mwambie, kama ingekuwa na kosa ningemwonyesha. Na mwambie Jumatatu tunakwenda Mbeya kwa daktari wa macho."

Mzee akapiga ile chafya yake, moja, kubwa. Mtoto akashtuka akaachia ziwa.

"Mwambieni nimesikia," alisema.

Jumamosi watu walikuja wengi, wengine wametoka kule Masukulu kusindikiza pikapu. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, kwenye masufuria. Nilimsikia mzee akisimama mbele yao. Hakutafuta maneno.

"Ndugu sangu, asanteni kwa kuja. Ndege haitaruka. Mkagusi ameikataa."

Minong'ono. Mtu mmoja akauliza, "Mkaguzi gani, mzee? Wa serikali?"

"Wa humu ndani."

"Kwani ina kasoro gani?"

"Kuna kifaa kimechakaa," alisema, "na hakiuswi dukani."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anakoroga ndizi, machozi yanamdondoka, na aliyemuuliza aliambiwa ni moshi. Mchungaji akaomba juu ya chakula badala ya ndege, na watu wakala.

Daktari wa Mbeya alisema ni presha ya macho. Huanzia pembeni, haiumi, na kilichokwenda hakirudi. Alimpa dawa za matone kulinda kilichobaki, na kilibaki kwa muda. Mume wangu alitaka kumpandisha ndege ya abiria pale uwanja wa Songwe, aende Dar es Salaam akiwa dirishani. Mzee alikataa katakata. Alisema lile ni basi lenye mabawa, na kwamba yeye alitaka kuona miguu yake mwenyewe na chini ya miguu aone Suma. Hatukumbembeleza tena.

Mwaka jana, nilipokwenda likizo, ile nafasi ndogo machoni mwa mzee ilikuwa imefunga kabisa. Alikuwa amezoea, kwa kadiri mtu anavyoweza kuzoea. Mashine walikuwa wameitoa bandani na kuiweka kwenye tuta juu ya nyumba, imefungwa kwa kamba nne kwenye nguzo zilizochimbiwa, na kila alasiri alipelekwa akaketi kando yake. Nilipofika nilichepuka kuingia kwenye migomba kama kawaida yangu. Mama mkwe aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Toka huko! Kutila ni kwa macho. Msee hana macho. Unamkimbia nani?"

Wazee wa ukoo walinung'unika kidogo, nilisikia baadaye. Mama mkwe hakuwajali. Alinishika mkono, akaweka kigoda mbele ya kigoda chake, akanikalisha.

Nikainua uso nikamtazama baba mkwe wangu.

Upepo wa alasiri ulikuwa unapanda kutoka bondeni, ule unaotikisa migomba yote kwa pamoja. Alikuwa amegeuzia sikio panga za juu. "Sinasunguka?" aliniuliza, moja kwa moja, bila mjumbe.

"Zinaanza, Baba. Taratibu. Sasa zimeshika. Ile ya upande wa mlima inapanda, ya huku inashuka, zinapokezana vizuri. Kichwa hakitetemeki."

"Boliti yako ile."

"Ndiyo, Baba."

Alitikisa kichwa, akasikiliza mpaka upepo ukapungua. "Unaniona?"

"Nakuona."

"Basi nikague."

Niliifanya kama kazi, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuifanya. Nilimwambia ana mvi pembeni na katikati hana kitu. Nilimwambia pua ni ya mume wangu na masikio ni ya mwanangu. Nilimwambia ana kovu juu ya jicho la kushoto, refu, na ninadhani ni la ncha ya panga kabla hajazifunga matambara. Akacheka kwa sauti, akaligusa. "Hilo nililificha kwa kofia mwesi msima," alisema. Kisha kicheko kikaisha usoni mwake, nikakitazama kikiisha.

"Ndege nimeikosa, nimesamehe," alisema. "Lakini nilikuwa bado na macho miaka ile yote, na wewe ulikuwa unapita hapo hapo kwenye migomba. Na mimi nilikuwa nageusa uso. Nageusa uso kwa heshima." Akanyoosha kiganja kidogo mbele yake, hakunigusa. "Ukoje wewe, mwanangu?"

Nilifungua mdomo. Mimi ninayeweza kueleza ufa mwembamba kama unywele kwenye chuma, sikupata neno hata moja.

Mama mkwe ndiye aliyenijibia, akiwa amesimama nyuma yangu. Nilingoja alainishe, kama alivyolainisha siku zote. Hakulainisha.

"Ni mfupi," alimwambia mumewe. "Mweusi. Ana mwanya mbele, na uso wa mtu mbishi. Na sasa hifi analia."